Msituni Hatuitani Majina

Ester ndiye aliyeng'ang'ania tupite njia ya Bibi, ile ya kutoka Morogoro mjini kupanda mgongo wa Uluguru, kisha kushukia Mgeta hadi Mlali. Mimi nilitaka tupande gari kama watu wenye akili. Lakini alikuwa amemaliza chuo Mzumbe, amepata kazi Mtwara, na akaniambia, "Dada, tutembee. Tukiwa nyumbani hatuongei." Nikamjibu kwamba miguu nayo haiongei. Tukaenda.

Nimemlea tangu mama yetu alipofariki, yeye akiwa darasa la kwanza. Nilimlea kwa mdomo, maana fimbo sikuwa na moyo wa kuishika. Majirani wote wanaujua mdomo wangu.

Bibi alikuwa na mwiko mmoja kuhusu njia ile: msituni watu hawaitani majina. Ukimpoteza mwenzako unapiga makofi, naye anakujibu kwa makofi. Jina ukilitupa huko juu, alisema, linaokotwa. Ester alinikumbusha tulipoingia msituni, nikamcheka. Msomi mzima!

Siku ya pili ukungu ulishuka. Ester akasimama kufunga kamba za kiatu, mimi nikatangulia nikinung'unika, kwani kiatu hicho kilikuwa kikifunguka tangu Morningside, kule chini tulikoanzia kupanda. Nilipogeuka sikumwona. Palikuwa na weupe mtupu, na maji yakidondoka majanini.

Nikapiga makofi. Kimya. Nikapiga tena hadi viganja vikawasha. Hasira zilinipanda, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, nikapayuka: "Esteeer!"

Hata ndege wakaacha kulia. Kisha upande wa kushoto, kwenye korongo, sauti ikaita: "Ester."

Ilikuwa sauti yangu. Nikajiambia ni mwangwi tu, lakini tangu lini mwangwi ukaongeza maneno? "Ester, njoo huku." Nikasikia kijiti kikivunjika, halafu hatua za mtu akielekea korongoni. Sauti ikalegea zaidi. "Njoo, mdogo wangu. Najua umechoka. Njoo upumzike."

Hatua zikakoma ghafla. Nikajua amefika ukingoni. Mwiko wa Bibi ulinitoka kichwani, nikapiga kelele: "Wewe Ester! Mzembe wewe! Ukisogeza huo mguu nitakuvunja! Kaa hapo hapo, mjinga mkubwa!"

Kimya. Kisha makofi mawili, dhaifu.

Nilimkuta amekumbatia mti. Nyuma ya mti ule hapakuwa na ardhi. Nilimshika mkono na sikumwachia mpaka tulipoona mashamba ya kabichi ya Mgeta, na njia nzima hakuna aliyetamka jina la mwenzake.

Mlali, tukisubiri gari, nilimuuliza alijuaje kwamba sauti ile si yangu.

"Nilikuwa naifuata, dada. Nilidhani ni wewe. Iliposema 'mdogo wangu' nikasita, maana hujawahi kuniita hivyo tangu nizaliwe. Nikashika mti, nikangoja unitukane."

Tulicheka sana. Halafu nikaenda nyuma ya kibanda cha chipsi, nikalia peke yangu.

Jana ilikuwa siku yake ya mwisho nyumbani. Nilipika wali wa nazi na njegere, chakula anachokipenda. Nikasimama jikoni, nikajikaza, nikaita kwa sauti laini kuliko zote nilizonazo: "Ester, mdogo wangu, njoo ule."

Chumbani alikuwa akipanga nguo begini, akiimba. Wimbo ukakatika.

"Njoo, mdogo wangu. Najua umechoka."

Maneno yalikwishatoka ndipo nikayatambua. Nikasikia komeo likifungwa kwa ndani. Kisha makofi mawili.

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikajibu kwa makofi. Mlango ukafunguka kidogo, nikaona jicho lake moja.

"Nitukane kwanza, dada," akasema.

Nikafungua mdomo. Tusi likakataa kuja.