Wamama Wawili na Mjumbe wa Kamati

Wizarani walimwita Bwana Tunashughulikia, kwa sababu ukimuuliza lolote, iwe lifti iliyokwama au choo kilichoziba, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Hata mkewe alipomwambia bomba la jikoni linavuja, alimjibu hivyo hivyo, akavuta shuka akalala.

Ikatokea kamati ya kimataifa, ile inayochunguza jinsi nchi zinavyolinda haki za makabila madogo, ikamtuma mjumbe wake. Mkurugenzi akamwita Bwana Tunashughulikia upesi.

"Kitengo cha makabila madogo ni chako. Watafute watu wa kabila dogo wa kuhojiwa. Wawe wanaijua lugha yao vizuri, na wawe na nyuso za furaha."

"Tunashughulikia, mkuu."

Na kweli akashughulikia. Katika mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni akawapata wamama wawili, ndugu wa tumbo moja. Binti wa yule mkubwa, mwalimu wa hesabu, akakubali kuwa mkalimani. Mambo yakawa shwari, ila hakuna aliyemdokeza kwamba ndugu hao walikuwa wamenuniana miaka na miaka.

Siku ya mahojiano ukumbi wa mtaa ulipigwa deki mpaka watu wakawa wanateleza. Mjumbe, mama mrefu mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akamgeukia dada mtu.

"Mama, kuna yeyote anayekuzuia kuzungumza lugha yako?"

Binti akatafsiri. Mama hakusita hata kidogo. "Yupo. Huyo hapo!"

Akanyoosha kidole kumlenga mdogo wake. Kwa bahati mbaya, mdogo mtu alikuwa ameinama kutafuta kandambili yake chini ya kiti, na nyuma yake aliketi Bwana Tunashughulikia. Mjumbe akavaa miwani.

"Afisa wa serikali?"

"Mimi?" Jasho likamtoka hadi kwenye nyusi. "Mama yangu, mimi na wewe tumekosana lini?"

"Si wewe, baba. Huyu aliyeinama! Haniongeleshi. Na mtaa mzima tumebaki sisi wawili tu wa kuipiga lugha yetu bila kukwama. Huyu binti yangu nikimsemesha anafikiria kwanza kama anapiga mahesabu. Sasa nizungumze na nani? Na kabati?"

Mjumbe akaandika, kisha akamtazama afisa. "Na serikali imechukua hatua gani?"

"Tunashughulikia," likamponyoka.

"Vizuri sana. Nitapita Ijumaa, kabla sijaondoka, nione mlipofikia."

Bwana wa watu hakupoteza muda. Alipombana mkalimani pembeni, akaelezwa chanzo cha ugomvi. Zamani mama mdogo aliazima sanduku la dada yake kwenda safari. Wakati wa kurudi, stendi likabadilishana na la abiria mwingine, naye akalirudisha bila kulifungua. Mume wa dada mtu ndiye aliyelifungua, akakuta suruali ya mwanamume asiyemjua, tena ya kijani. Nyumba ikawaka moto. Na mama mdogo, badala ya kuomba radhi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Nifundishe kusema 'nawaomba mpatane' kwa lugha yenu," afisa akasihi. "Nikiwaomba kwa lugha yao, mioyo italainika."

Akaikariri sentensi ile bafuni, njiani na kwenye ngazi za wizara. Mkewe akaanza kuulizia daktari.

Alhamisi akawakalisha wote sebuleni kwa binti, mmoja akitazama dirisha, mwingine akitazama jokofu. Akasimama, akakohoa, akaitoa sentensi yake kwa sauti ya hotuba.

Binti akajifunika uso.

"Nimekosea?"

"Umesema, 'Nawaomba mnirudishie suruali.'"

Mama mdogo akapasuka kwa kicheko. Dada mtu akajikaza, akauma midomo, lakini mabega yakamsaliti. Mwisho akamgeukia mdogo wake na kusema, kwa lugha yao, "Kumbe mwenyewe ndiye huyu!"

"Na mimi niliyemtafuta stendi nzima!"

Wakashikana mikono, machozi yakiwatiririka. Afisa hakuambulia neno, ila alijisikia mwepesi kama aliyetua gunia.

Ijumaa mjumbe alipoingia ukumbini, hakupata nafasi hata ya kusalimia. Wamama walikuwa wameungana, na sasa wote wawili walimkabili afisa.

"Shuleni tuliahidiwa darasa la lugha yetu," alisema dada mtu.

"Liko wapi?" akadakia mdogo mtu. "Watoto wetu wanachekwa wakitaja majina yao wenyewe!"

Mjumbe akamgeukia afisa. Afisa akafungua kinywa, lile neno lake likiwa kwenye ncha ya ulimi. Akawaona wamama wanavyomkodolea macho, akalimeza.

"Jumatatu," akasema.

Mwishoni mwa wiki alizunguka kwa mwalimu mkuu na kwa mkurugenzi, akabembeleza kama mtu anayeposa. Jumatatu darasa likafunguliwa, kwenye stoo ya mipira na nyavu, kwa kuwa ndicho chumba pekee kilichopatikana. Wamama wakafundisha kwa pamoja, wakibishana kila neno, huyu akilitamka hivi na yule vile. Watoto wakawa wanajifunza matamshi mawili kwa mpigo na kucheka. Afisa alikwenda kukagua tu, lakini dada mtu akamsukuma hadi benchi la mbele, akampa chaki.

"Njoo ubaoni, baba. Tuanze na salamu."