Wateja wa Bwana Kesho

Bwana Kesho ni fundi cherehani, na jina hilo tulimpa sisi majirani zake. Ukimpelekea kitambaa atakupima vizuri, atakuchekesha, halafu atakwambia uje kesho. Ukija, kesho imesogea. Mlango wake umepakana na saluni yangu, kwa hiyo kelele zote za wateja wake huishia masikioni mwangu. Kitambaa changu cha gauni nacho kilikuwa kwake, na nilishakikatia tamaa.

Nyumba yetu ni ya zamani, maduka mbele, vyumba vya kuishi nyuma. Mimi naishi nyuma ya saluni na mama. Macho yake yamefifia, anaona vivuli tu, lakini mle ndani anatembea bila hata kupapasa ukuta. Mwenye nyumba mpya alipotaka kututoa wote ajenge hoteli, wenzangu waliwaza pa kuhamishia biashara. Mimi niliwaza mama atajuaje mlango uko wapi. Nilikuwa na hasira hadi wateja wakalalamika kwamba nawavuta nywele.

Sheria ilikuwa upande wetu, mradi nyumba iwe inatumika. Mwenye nyumba naye akaliambia baraza la nyumba kwamba biashara zetu zilikufa zamani, tunang'ang'ania vyumba vitupu tu.

Siku ya shauri tukaamua kwenda wote kuonyesha umoja. Tukafunga kila duka, tukavaa tukapendeza, tukajaza mabenchi. Tulijiona wajanja kweli.

Wakili wa mwenye nyumba akasimama. "Mheshimiwa, sina maneno mengi. Twende tukaione hiyo nyumba sasa hivi."

Mwenyekiti, mama mmoja mkavu wa sura, akachukua mkoba wake. "Twendeni."

Mpangaji mwenzangu, muuza vyombo, alinitazama, nami nikamtazama. Makufuli yote tulikuwa tumeyafunga kwa mikono yetu wenyewe. Njia nzima wakili alipiga mluzi, na mimi nilitamani kumziba mdomo.

Tulipokata kona tukasikia makelele. Mbele ya mlango wa Bwana Kesho watu walikuwa wamejazana, wengine wamekalia hadi ngazi za saluni yangu. Dada mmoja alikuwa anagonga mlango kwa kiatu.

"Huyo hapo!" akapayuka. Bwana Kesho, na mwili wote ule, akajificha nyuma yangu.

"Kuna nini hapa?" mwenyekiti akauliza.

"Nguo zetu, mama! Leo ndiyo kesho aliyoniambia!"

"Mimi nimeoa na suruali ya kuazima," akasema kaka mmoja kwa uchungu kabisa.

"Umeanza lini kuja hapa?" mwenyekiti akamuuliza.

"Tangu nasoma. Sare yangu alishona yeye. Nayo ilichelewa."

Wakili akakohoa. "Mheshimiwa, hawa watu wamepangwa."

Yule dada akamgeukia, kiatu mkononi. "Nani kapangwa? Ningekuwa na wa kunilipa, ningehangaika na sketi moja?"

Mwenyekiti aliuma mdomo asicheke. Mara mama yangu akatokea kwa mlango wa pembeni na kigoda, akakiweka mbele ya kivuli kilichokuwa karibu naye. "Kama ni kusuka, mwanangu hayupo. Kaenda kugombana na mwenye nyumba. Keti umsubiri."

Mwenyekiti akaketi kweli. Akaandika palepale, faili magotini, kisha akatusomea: wapangaji wote wabaki, kodi isipandishwe bila idhini ya baraza, na asionekane mtu wa kugusa makufuli yetu. Wakili akaondoka bila kuaga.

Nililia mbele za watu, wala sioni aibu kusema. Wateja wakambeba Bwana Kesho juujuu, walewale waliotaka kumtoa roho, kisha wakamshusha wakaendelea kudai nguo zao. Nikaona nami nijaribu bahati yangu.

"Na gauni langu?"

Akajifuta jasho. "Jirani, njoo kesho."

Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Ndani nilimkuta mama amekaa kitandani, furushi mapajani. Kumbe alishafunga vitu vyake kimyakimya, asinitie wasiwasi.

"Ni kweli hatuendi?"

"Hatuendi, mama."

Akafungua furushi, akatoa kikombe chake cha chai, akainuka kwenda kukirudisha kabatini. Hakugusa ukuta.