Kichupa cha Fundi Saa

Mzee aliingia maabara bila kubisha hodi, kofia mkononi, akauliza damu yake iko wapi.

Nilikuwa na miezi minne tu kazini baada ya kuhitimu, na hakuna mchangiaji wa damu ya utafiti aliyewahi kuifuata damu yake. Alikuwa fundi saa. Alieleza kwamba daktari amempa vidonge vya moyo, naye hawezi kumeza dawa ya ugonjwa asiouona. Bintiye amembembeleza hadi machozi yamemkauka.

"Mimi hufungua kwanza, ndipo naamini," alisema. "Nionyeshe, mwanangu, nitameza."

Nikamwahidi Ijumaa.

Hata leo nikifumba macho naviona, kama nilivyoviota siku zile: vipira vya lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, vidogo kupita vumbi la kwenye mwanga, vikielea damuni, kila kimoja na koti lake. Koti likichubuka, kimoja hung'ang'ania kingine, viwili vikawa kumi, kumi vikawa tonge. Tonge hunasa kwenye ukuta wa mshipa, na mshipa ukafinyika polepole, pasipo kelele.

Lehemu ya mzee tulikuwa tumeitenga kwenye vichupa vitano. Tulivishika kama mayai, maana ukivitikisa tu, makoti yanachubuka. Alhamisi nikasahau vinne nje ya jokofu, vikaharibika. Kilichobaki kilikuwa cha kumalizia jaribio langu la wiki sita, na mkuu wa maabara alikuwa akisubiri majibu yake.

Ijumaa mzee akaja, shati limenyooshwa pasi, binti nyuma yake. Ningeweza kumwonyesha picha ya kitabuni. Lakini picha ingekuwa ya mtu mwingine, na macho yale yangejua.

Nikakiinua kichupa dirishani. Maji yalikuwa ya manjano, maangavu kama asubuhi.

"Huyu ni wewe, mzee. Lehemu ya damu yako."

Nikakiweka kwenye mashine ya kutikisa. Ukungu ukaingia taratibu, ukatanda, mwanga wa dirisha ukapotea ndani yake.

Fundi akabana lenzi yake jichoni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe vinashikana," akasema. "Kama vumbi kwenye mafuta ya saa. Saa huanza kuchelewa, mwanangu, ndipo husimama."

Bila kugeuka, akamnyooshea bintiye kiganja. Binti alihangaika na mkoba hadi kidonge kikapatikana. Mimi nikaleta maji.

Walipoondoka nilifungua daftari la jaribio. Kalamu ilikuwa nzito kidogo. Nikaandika: kichupa cha tano, kimetikiswa kwa makusudi.