Kiboko wa Mwaloni

Hajazaliwa mtu wa kumkamata Muharami kwenye uongo. Hilo alilisema mwenyewe, mbele ya watu, akiwa amebana misumari minne mdomoni, na hakuna hata mmoja ulioanguka. Askari wa barabarani walimjaribu wakachoka. Wakwe walimjaribu. Hata mke wake Hafidha, mwenye pua ya kunusa uongo kutoka Musoma mpaka Bunda, alishaacha kumuuliza ametoka wapi.

"Uongo wangu mimi naushonaga mara mbili," alisema. "Hauachii."

Tumwache na majigambo yake, maana wiki haikuisha nayo.

Muharami alikuwa fundi wa makatambuga, yale malapa ya tairi, na kibanda chake kilikaa ukingoni mwa uwanja wa Mwaloni, Musoma, pale wanawake wanapoanika dagaa. Wateja wake ndio hao hao: waanikaji, wavuvi, wabeba magunia. Dagaa wakikauka, viatu vinanunuliwa. Sasa katikati ya uwanja lilikuwa limesimikwa bango kubwa kuliko kibanda chenyewe, linatangaza majengo ya ghorofa nane, nyumba mia mbili na arobaini. Kwenye bango kulikuwa na familia imekaa roshani inakunywa juisi huku inacheka, haijulikani inamcheka nani. Chini yao, pale pale Mama Bhoke anapotandaza nyavu zake za dagaa, pamechorwa bwawa la kuogelea. Bwawa! Na Ziwa Victoria lote liko pale pembeni linawatazama.

Kwa Muharami jambo lilikuwa moja tu. Kibanda kikivunjwa, anarudi kijijini Buswahili kulima na kaka yake Luqmani. Na Luqmani hakuficha furaha. Tangu bango lisimame alikuwa anapiga simu kila Ijumaa: "Mdogo wangu, nimekutengea ekari mbili za mihogo. Nakusubiri." Muharami anaweza kukata tairi la Fuso kama anakata mkate, lakini akishika jembe dakika kumi, mgongo unaanza kuandika barua ya kuacha kazi.

Kikao cha wakazi kilifanyika Jumapili mchana, nje ya stoo ya barafu. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Pastory, ni mtu wa kusema "hoja imepokelewa" hata akiambiwa suruali yake imechanika nyuma. Alitangaza kwamba Jumatano kampuni inaleta wataalamu kuchukua maoni ya wananchi, na baada ya hapo matrekta yanaingia.

Mama Bhoke alisimama. "Mimi nasema tupime. Kutoka kwenye maji mpaka kwenye bikoni zao, yale mawe ya mpaka, ni mita ngapi? Sheria inataka sitini. Kamba ninayo nyumbani."

Muharami alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Bhoke, wale wana mashine za kupimia mpaka mawingu, wewe uwaendee na kamba ya mbuzi? Hapa tunataka kitu cha kuwakimbiza. Tunataka kiboko."

"Kiboko cha kuchapia?"

"Kiboko mnyama! Tunasema hapa ndiyo njia yake, anatoka majini kila alfajiri kwenda malishoni. Nani atanunua nyumba ambayo akitoka kumwaga takataka anapishana na kiboko kwenye ngazi?"

"Hapa kiboko hajapitaga tangu nimeolewa," Mama Bhoke alisema, "na nimeolewa wewe hujaota meno."

"Atapita."

"Mura, kijana wewe, utamtoa wapi?"

"Hayo ni mambo ya kiwandani. Jumatano mtakuta nyayo."

Watu wakapiga makofi, maana kamba ya mbuzi haina raha ya kusimulia, na kiboko anayo. Mzee Pastory akapokea hoja, tena akapiga simu Bunda kwa watu wa wanyamapori kuripoti kwamba mnyama anasumbua raia.

Jumatatu na Jumanne Muharami alifunga mlango wa kibanda. Alitafuta picha ya nyayo za kiboko kwenye simu, akachagua tairi nene, akachora vidole vinne vya mviringo. Shida ya mtu aliyefanya kazi moja miaka kumi na tisa ni kwamba mikono yake haisubiri tena kuambiwa. Akakata mguu wa kushoto. Akakata wa kulia. Akauweka mmoja juu ya mwenzake, akahakikisha imelingana, akaridhika: jozi safi. Meno ya tairi akayaelekeza chini, kama anavyofanya siku zote ili mteja asiteleze. Kisha kila mguu akaupigilia kwenye mpini wake.

Jumatano alfajiri, kabla mitumbwi haijarudi, akaenda kwenye ukingo wa maji akaanza kumtembeza kiboko wake. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka kwenye bikoni ya kampuni. Akamfanya azunguke bikoni mara mbili kwa dharau. Akarudi nyumbani akanywa chai.

Saa nne uwanja ukajaa. Upande wa kampuni alikuja Injinia Abraham, kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo kwa uwanja wa dagaa vilikuwa vinaomba radhi kila hatua. Kutoka Bunda alikuja afisa wanyamapori, dada mmoja mrefu anaitwa Rhobi, mkononi ana tepu ya kupimia.

"Nani amemwona mnyama?" aliuliza.

Muharami akajitokeza mbele. Akamweleza kiboko: dume, pana kama mlango wa gereji, sikio la kulia limekatika kidogo, macho mekundu, likipumua linapeperusha dagaa. Kwa bahati mbaya maelezo yalikuwa matamu mno, na wenzake hawakukubali kuachwa nyuma.

"Na mtoto wake," alidakia mtu wa stoo ya barafu.

"Watoto wawili," alisema mwingine.

"Dume ndilo lina watoto?" Rhobi aliuliza.

"Mama yao alikufa," alisema Muharami kwa huzuni. Wanawake wawili wakasema maskini.

Rhobi akachuchumaa. Akatazama unyayo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasimama akatazama mstari wote kwa mbali, akachuchumaa tena.

"Fundi, huyu kiboko ana miguu mingapi?"

"Minne. Ya kawaida."

"Mbona hapa ametembea kwa miwili? Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kama mzee anaenda kuchukua pensheni."

Muharami akazitazama nyayo zake upya. Miaka kumi na tisa, na katika siku zote hizo hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumwagiza viatu vinne kwa mpigo.

"Ya mbele inamuuma," alisema. "Alikuwa ameinyanyua."

"Ameinyanyua. Na hizi alama za meno ya tairi ndani ya kila unyayo?"

"Lilipita Fuso juu yake."

"Fuso lenye vidole vinne?"

Injinia Abraham alikuwa anacheka waziwazi sasa, ameshika fomu ya maoni ya wananchi. "Mwenyekiti, niandike nini hapa? Kwamba mradi unapingwa na kiboko wa miguu miwili mwenye kilema?"

Muharami akayaona mashamba ya Buswahili yote kwa pamoja, mstari kwa mstari, mpaka kwenye kilima. Akamtazama Mama Bhoke. Mama Bhoke akatazama pembeni kama hamjui.

"Ngoja," Rhobi alisema. "Ripoti ni ripoti, lazima niandike alikotoka na alikoishia. Shika hapa." Akampa Mama Bhoke mwisho wa tepu aukanyage ukingoni mwa maji, akafuata nyayo moja moja huku anavuta, tepu ikaisha, akaweka alama, akaanza upya, mpaka kwenye bikoni ambako kiboko alizunguka mara mbili.

"Jumla mita arobaini na moja," alisoma, anaandika.

"Ngapi?" Mama Bhoke alipiga kelele kutoka majini.

"Arobaini na moja."

"Mpaka kwenye bikoni yao?"

Rhobi akaiangalia bikoni. Akaliangalia ziwa. Akamwangalia Injinia Abraham, ambaye kicheko chake kilikuwa kimebaki meno tu. "Injinia, jengo linaanzia hapa?"

"Ramani inaonyesha sitini," Abraham alisema kwa sauti ndogo.

"Ramani haijasimama hapa. Mimi nimesimama. Hili naliandika, na nakala ya barua naipeleka kwa watu wa mazingira leo leo."

Abraham akatoa ramani yake akaigeuza, akaigeuza tena, lakini kila alivyoigeuza maji yalibaki pale pale. Akapiga simu. Alipomaliza akasema kazi imesimama mpaka eneo lipimwe upya, na kwamba wakirudi nyuma mita kumi na tisa, ukubwa uliobaki hautoshi hata jengo la kwanza.

Vigelegele! Mama Bhoke alicheza majini na tepu ya serikali. Mzee Pastory alikumbatiana na mtu wa stoo ya barafu. Muharami ndiye aliyebebwa juu, akapunga mkono kama mgombea aliyepita bila kupingwa, na moyoni alikwishaanza kumpangia Luqmani maneno ya kumjibu Ijumaa.

"Mshusheni," Rhobi alisema. "Bado jambo moja. Mtu ametengeneza nyayo za uongo, nimepanda gari kutoka Bunda kuja kufukuza tairi. Nataka jina."

Muharami akashuka, akajikung'uta, akaweka uso wa mtu mwema aliyesikitishwa na dunia.

"Afande, mimi nawashuku vijana wa kule kisiwani Rukuba. Wana utani mbaya sana. Mimi binafsi alfajiri nilikuwa nimelala fofofo, hapa uwanjani sikukanyaga. Wallahi, kama kuna mtu aliyeniona, aseme."

"Mwacheni mwanangu!"

Alikuwa Bibi Mwamvita, muosha masufuria wa mama ntilie, mwanamke anayemtetea kila mtu wa mtaa huu hata pale asipoombwa. Alipenya katikati ya watu, mikono bado ina masizi, akamsimamia Muharami mbele kama ukuta.

"Dada, usimwonee fundi. Kiboko alikuwepo, mimi shahidi. Nilikuwa pale kwenye jiwe nasugua masufuria. Nilimwona kwa macho yangu haya anakuja na mipini yake miwili, anapiga chini, tu, tu, tu, huku anakoroma kwa mdomo. Nikasema nani huyo? Akashtuka, akaniamkia vizuri kabisa, shikamoo bibi. Nikamwitikia marahaba mwanangu Muharami, mbona mapema hivi? Akaniambia, bibi, endelea tu na masufuria yako, mimi ni kiboko, napita."