Marko Aurelio wa Kibosho

Mzee Sirili alifundisha historia ya Roma seminarini mpaka alipostaafu, na tangu hapo akaifundisha familia yake, itake isitake. Hilaria, binti yake wa kwanza, alijua namna makaisari walivyokufa bila kutaja mrithi, majeshi yakatwangana. Alichokuwa hajui ni kimoja tu: baba angemwachia nani kihamba, lile shamba la kahawa na migomba ambalo Hilaria mwenyewe alikuwa akilihudumia peke yake tangu mama afariki.

Mdogo wake Ronald, kitindamimba, alikuwa Dar na huku alikuja Krismasi tu. Mila ilimpa yeye nyumba ya baba, lakini alishatamka wazi kwamba angeng'oa kahawa yote ajenge hoteli ya wapanda mlima. Hilaria alikereka mpaka usingizi ukamhama.

Krismasi hii ukoo mzima ulikaa uani, mbuzi amechinjwa, mbege, pombe ya ndizi, inazunguka. Mzee alikuwa ameahidi kumtaja mrithi. Hilaria hakutaka kubahatisha.

"Baba," aliuliza, "hivi Marko Aurelio alikosea wapi?"

Mzee akachangamka kama aliyerudishiwa chaki. "Swali zuri! Sikilizeni. Makaisari wanne kabla yake hawakubakiwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo kila mmoja alichagua mtu anayeiweza kazi, akamfanya mwanawe. Roma ikatulia. Huyu Marko akamwachia Komodus, kwa sababu tu kamzaa! Kijana wa michezo, kazi hajui. Akaivuruga nchi nzima. Ujinga mtupu!"

Wazee wakatikisa vichwa kuisikitikia Roma. Hilaria akabana pumzi. Sasa amesikia maneno yake mwenyewe, aliwaza. Lazima ameyasikia.

"Haya," mzee akajifuta mdomo, "tuyaache ya Warumi. Kihamba ni cha Ronald."

Makofi yakapigwa. Hilaria alitaka kupiga kelele, asijue aanzie karne ipi. Zizini ng'ombe akalia, kiwele kimemjaa.

"Hilaria, mwanangu," baba akasema, "hebu nenda kamkamue."

Hilaria akavuta kigoda, akakaa katikati ya wanaume, akachukua pande la nyama.

"Mwenye zizi huyo hapo, baba."

Ng'ombe akalia tena, kwa sauti zaidi. Hakuna aliyenyanyuka. Ronald akatazama viatu vyake vyeupe, kisha akamwinamia dada yake.

"Dada," alinong'ona, "huyu anapiga teke?"

Hilaria aliendelea kutafuna.