Tangazo Lililokatikia Njiani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefungua kifuniko cha seva ya redio yetu, na ndani yake kuna nyumba yenye msiba. Sikushangaa. Nilitia bisibisi mfukoni, nikavua viatu, nikaingia.

Kabla sijaendelea, niseme msiba wenyewe ulitoka wapi. Mimi ni fundi wa redio ndogo katika mji wetu wa mlimani, kwenye mashamba ya chai. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilifungua mashine mbovu moja baada ya nyingine mpaka nikaanza kuzielewa. Kila siku saa saba mchana redio yetu hutoa matangazo ya vifo. Mtangazaji wetu, Mama Lusajo, huyarekodi asubuhi, na ikifika saa hiyo seva huyacheza yenyewe. Huku simu hazishiki kila mahali. Watu wengi hujua kwa redio nani amefariki na anazikwa lini.

Kwa miezi mitatu seva ilikuwa ikizima ghafla, kisha inajiwasha kana kwamba haikufanya lolote. Jumanne ya wiki iliyopita ilizima katikati ya tangazo. Wasikilizaji walisikia, "Ukoo wa Mwakalinga unasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao..." Baada ya hapo kimya, na baada ya kimya, kwaya.

Aliyefariki ni Bibi Tupokigwe. Binti yake, Atuganile, alikuwa akichuma chai kwenye shamba la mbali. Aliisikia nusu ile, akaendelea kuchuma, maana akina Mwakalinga ni wengi. Kesho yake mama yake akazikwa bila yeye.

Ijumaa alikuja kituoni, akakaa kwenye benchi. Hakupaza sauti.

"Fundi, ni nini kilizima?"

"Ni kifaa, dada."

"Kifaa gani?"

Sikuwa najua. Akaifunga khanga yake upya, akasema, "Ukikijua, uje uniambie. Nataka nikijue kilichonizuia kumzika mama."

Basi, turudi ndotoni.

Ndani ya seva mikeka imetandikwa juu ya bodi ya kijani, na waombolezaji wamekaa. Nawafahamu wote, maana nimewahi kuwashika mmoja mmoja. Diski ni mama mnene anayejizungusha polepole. Feni ndiye mwenyekiti wa kamati ya msiba, na kama wenyeviti wengi, hawezi kunyamaza. Vijiti vya kumbukumbu, vile ambavyo mafundi tunaviita RAM, ni dada wawili wembamba wenye meno ya dhahabu. Kwenye kona amekaa mzee mmoja wa chuma, mgongo umepinda. Huyo ni pawa saplai, anayepokea umeme kutoka nje na kuwagawia wenzake.

Katikati ya nyumba amekaa Bibi Tupokigwe mwenyewe, juu ya neno. Neno hilo ni "wao". Ni dogo, kimo cha kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Walinifikisha hapa wakaniacha. 'Kifo cha mpendwa wao.' Nimekaa hapa tangu Jumanne, na neno lenyewe gumu."

Feni anapiga makofi. "Fundi amefika! Asome wasifu wa marehemu tuzike, watu wana safari!"

Kwetu mtu hazikwi bila wasifu. Lazima isemwe alizaliwa wapi, aliugua nini, na ugonjwa ulikwendaje mpaka mwisho. Ninatoa karatasi. Mwandiko ni wangu. Ninasoma: "Ukoo wa Mwakalinga unasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao..."

Giza.

Taa zinawaka. Waombolezaji wote wanasimama na kuanza kusalimiana upya.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mmefika saa ngapi?"

"Ndiyo kwanza tunaingia."

"Hii ni mara ya kumi na nne," Bibi Tupokigwe ananiambia. "Yule pale sasa anasalimiana na ukuta."

"Hawakumbuki?"

"Hata mmoja. Mimi ndiye nakumbuka, kwa kuwa mimi ndiye sikumalizwa."

Feni ananinyang'anya karatasi. "Kwenye ugonjwa umeandika 'kifaa'. Kifaa gani, fundi? Hapa sote ni vifaa. Unataka tutazamane vibaya mpaka lini?"

Mle ndani, kama kituoni, ukutani kuna karatasi niliyojiandikia siku nyingi: BADILI KIMOJA. NGOJA. TAZAMA. Karatasi inashuka ukutani, inajikung'uta vumbi, inasimama mlangoni.

"Kimoja tu," inasema.

Ninamtoa mchungaji anayesali kando ya Feni, ninamweka mchungaji wa akiba. Ninasoma. Giza. Poleni na msiba, tumeshapoa. Ninamrudisha mchungaji wa kwanza, naye anaendelea na sala yake palepale alipoikatiza.

Ninatoa mkeka mmoja. Giza. Ninaurudisha. Ninamtoa Diski, anapita mlangoni ubavuubavu akisema mimi nimemzoea kupita kiasi. Giza. Ninamrudisha.

Nawafikia wale dada wawili. Mmoja ni mgeni, nilimnunua mwezi wa pili. Mwingine ana vumbi la kutu mabegani.

"Wewe nilikutoa," namwambia.

"Ulinitoa. Ukaniweka kwenye droo. Majirani zangu ni misumari."

"Ulikuwa mbovu."

"Nani alinipima?"

Ninakaa mbele yake, ninaanza. "Sema sifuri." "Sifuri." "Sema moja." "Moja." Tunaendelea hivyo kwa muda ambao ndotoni ni miaka miwili. Mvua zinanyesha, zinakatika. Hakosei hata mara moja.

"Naweza kurudi kwa watu?" ananiuliza.

"Lakini nilipokutoa, seva ilikaa wiki tatu bila kuzima. Niliandika kwenye daftari."

Karatasi ya mlangoni inakohoa. "Siku ile ulibadili vingapi?"

Ninahesabu kwa vidole. Nilitoa RAM. Halafu, kwa kuwa nilikuwa tayari nimechutama nyuma ya mashine, na ekstensheni ilikuwa imejaa plagi, nilichomoa waya wa seva kwenye ekstensheni nikauchomeka ukutani. Wiki tatu baadaye mama wa usafi aliurudisha kwenye ekstensheni, maana ulikuwa unamzuia kupiga deki. Seva ikaanza kuzima tena. Mimi nikaandika, "RAM mpya nayo mbovu," na moyoni nikamtukana mwenye duka.

"Viwili," ninasema.

Karatasi inajikunja kidogo pembeni, kama mtu anayetazama chini. Ningependa inigombeze.

Hapo ninasikia kilio kutoka jikoni, kikubwa kuliko vyote. Ninakwenda. Chini sakafuni limekaa birika la umeme, mfuniko pembeni, linalia mvuke.

"Mama, unamlilia nani?"

"Wafiwa wamefika nami sijachemka. Wanatetemeka pale kwenye benchi. Uliagiza wewe mwenyewe."

Ni kweli. Wanaoleta matangazo hushuka kutoka vilimani asubuhi, wamelowa umande na ukungu, na wengi hubaki kituoni kusikiliza tangazo lao likisomwa. Mwaka juzi nilimwambia Mama Lusajo kwamba mfiwa asikae kwenye benchi letu bila kikombe cha chai mkononi. Ndiyo maana kila siku, saa saba inapogonga na matangazo yanapoanza, yeye huwasha birika.

Ninaufuata waya wa birika kwa vidole. Unapita chini ya mkeka, unapita kati ya waombolezaji, unaingia kwenye ekstensheni, na kutoka hapo unapanda mgongoni kwa yule mzee wa chuma. Birika linapochemka huvuta umeme mwingi, na ni kama limemkalia mgongoni na maji yake yote.

Ninachutama mbele yake. "Mzee wangu, kwa nini hukusema?"

"Feni yangu ilikuwa inazunguka," anasema. "Wewe ukipita ukiona feni inazunguka, unasema mzima. Zamani umeme ukipungua kidogo niliubeba upungufu huo mwenyewe, hakuna aliyejua. Sasa siwezi. Ni miaka tisa, fundi. Nikikaribia kuanguka nawaza, atakuja kunishika. Unapita, unakwenda kuwashika akina dada."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi si wa kuombwa samahani," anasema, na anamtazama Bibi Tupokigwe.

"Chomoa birika," inasema karatasi. "Hilo peke yake."

Ninachomoa. Mzee anapumua. Ninasoma polepole: "...kutangaza kifo cha mpendwa wao..." Ninangoja. Ninatazama. Taa haziyumbi. Hakuna anayemsalimia mwenzake.

Birika limepoa mara moja. "Kwa hiyo ni mimi," linasema. "Nilidhani nawafariji."

"Uliwafariji. Si wewe peke yako. Ni wewe na mzee aliyechoka, na ni mimi niliyewafunga kwenye waya mmoja, nikaandika kabla ya kupima."

Ninakata neno "kifaa" kwenye karatasi. Ninaandika hayo yote mahali pake, kwa majina, jina langu likiwa la mwisho kwa sababu nafasi imekwisha.

Ninapoinua macho nisome, nyumba haipo. Nimesimama kwenye mistari ya chai na ukungu unapita miguuni. Bibi Tupokigwe yuko kando yangu, amekichukua kile kineno chake na kukibana kwapani. Mbele yetu wachumaji wameinama, vikapu mgongoni, wametupa kisogo. Kwenye mstari wa tatu naiona khanga ya Atuganile.

Ninamwita. Sauti haitoki.

"Hivyo hasikii," anasema bibi. "Soma kama redio."

Ninasoma. "Ukoo wa Mwakalinga unasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Bibi Tupokigwe Mwakalinga, kilichotokea usiku wa kuamkia leo, Jumanne. Mazishi ni kesho, saa nane mchana."

Kwenye mstari wa tatu mgongo mmoja unanyooka.

"Rudia," anasema bibi. "La kwanza ni la masikio. La pili ni la miguu."

Ninarudia, polepole, nikilitaja jina kama mtu anayepitisha maji kwa viganja. Atuganile anavua kikapu. Anakiweka chini bila kumwaga hata jani moja. Anaanza kutembea.

"Atawahi?" namwuliza bibi.

"Hawahi. Nimeshazikwa, fundi. Huoni udongo miguuni mwangu?"

Ninautazama. Ni udongo mwekundu, bado mbichi.

"Sasa nimesoma ili iweje?"

"Ili aitwe. Mtu asipowahi ni jambo moja. Asipoitwa ni jingine." Analiweka lile neno chini, kwa uangalifu, katikati ya mistari ya chai. "Na wafiwa msiwanyime kikombe. Majani hayo anayachuma yeye. Chemsheni kwa mkaa."

Anaondoka upande ambao binti yake hayuko. Ninataka kumshukuru, lakini neno pekee ninalolikumbuka ni "ndaga", asante ya kikwetu, nalo nalisema baada ya ukungu kumfunika.

Nikaamka. Nje kulikuwa bado na kiza cha alfajiri. Mke wangu aliingia na ndoo ya maziwa, akaitua karibu na mlango.

"Baba Sekela, siku hizi redio yenu inafungua saa kumi na moja?"

"Haifungui kabla ya saa kumi na mbili. Na leo zamu ya kufungua ni yangu. Funguo ziko pale msumarini."

"Basi sijui nani kawafungulia. Nilikuwa nakamua, nimetundika redio pale mlangoni, mara nasikia tangazo la yule bibi wa akina Mwakalinga. Nikasema, jamani, si alishazikwa?"

Nilikaa kitandani.

"Limefika mwisho?"

"Limefika."

"Jina wamelitaja?"

"Mara mbili. La pili taratibu sana, hata ng'ombe akaacha kutafuna." Alinitazama. "Una nini wewe?"

Nilimpigia simu Mama Lusajo. Nilimwomba akafungue kituo kwa niaba yangu, na leo asiwashe birika, wala asiguse kingine chochote. Kisha nikavaa koti. Shamba analochuma Atuganile ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na nilitaka nimkute kabla hajainama.