Sala ya Dakika ya Tisa

Mchungaji alibonyeza kitufe, sauti ya fundi cherehani ikajaa chumbani. Mama huyo alikuwa amekubali kurekodiwa. Mwanawe alifariki miezi minne iliyopita, na tangu hapo hajashona hata kifungo.

"Mungu nimemchoka," ilisema rekodi. "Nikimkuta njiani navuka barabara."

Kisha ikasikika sauti ya mchungaji mwenyewe: "Tuombe."

Msimamizi wake wa mafunzo, mwanasaikolojia, akazima. "Dakika ya tisa. Ulimwombea nani?"

"Yeye, Mwalimu. Alikuwa anaumia."

"Wewe ndiye uliyekuwa unatafuta mlango wa kutokea. Umemziba mdomo kwa amina, halafu unaniletea hapa unaita ushauri nasaha."

"Kwa hiyo niache kuomba? Basi nivue na kola kabisa, tuitane madaktari."

"Kola yako sijaigusa, baba. Alisema nini baada ya sala?"

Mchungaji alitazama zulia. "Alisema asante. Hajarudi tena. Wiki ya pili hii."

"Mpigie. Usimhubirie. Mwambie ulimkatiza."

Fundi alikuja Alhamisi. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

"Siku ile ulisema umemchoka Mungu, nikakukatiza kwa sala," mchungaji alisema. "Nilikosea. Nilishtuka."

"Kumbe ulishtuka? Mimi nilidhani umekasirika kwa niaba ya bosi wako."

Mchungaji alicheka bila kutaka. Fundi akasogea nyuma kitini, akaanza kusema. Alisema habari za wodi, za daktari aliyekuwa akitazama saa, za jirani aliyemwambia ni mapenzi ya Mungu huku akiomba chai iongezwe sukari. Zilipita dakika arobaini. Mchungaji aliuliza maswali mawili tu.

Muda ulipokaribia kwisha, mchungaji aliweka mikono magotini, ingawa ulimi ulimwasha kuomba.

"Leo huombi?" fundi akauliza.

"Ukitaka. Nimwambie nini?"

"Mwambie sijamsamehe. Usinipambie maneno."

Mchungaji alifumba macho. "Bwana, mama huyu hajakusamehe."

Aliishia hapo, akafumbua macho.

Fundi alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi. Mchungaji alimsogezea boksi la tishu, akabaki alipo. Fundi alipenga kamasi, akatoa simu mkobani.

"Alhamisi ijayo una nafasi saa ngapi?"